Mama, Nimekishusha Kibao

Mama, shikamoo.

Marahaba yako naikumbuka, ile ndefu ya kuitikia huku mkono unakoroga, kwa hiyo nimejiitikia mwenyewe moyoni na sasa naendelea. Nimefanya jambo, na mdogo wangu Prosper ameshalieleza kwa ukoo mzima kwa namna yake. Wewe ulisikie kutoka kwangu. Nimekishusha kibao cha "Kwa Mama Flora" pale Misugusugu.

Usidhani ni mapenzi ya kilabu yaliyonituma. Unajua sikukipenda. Miaka ile ya tisini nilikuwa naingia darasani nanuka mbege, ile pombe yako ya ndizi, kuanzia sare mpaka madaftari, wenzangu wananikalia mbali. Nikirudi nyumbani nakuta nzi kwenye mdomo wa kata, mzee anafuta mapovu kwa mkono uleule aliopengea kamasi, halafu kata ileile inapita kwa mwingine, anakunywa na kushukuru. Na ule uzio wa michongoma wa nyuma, walioukojolea mpaka upande mmoja ukakauka. Nilikuwa naona kinyaa, na nilikwambia. Ukanijibu, "Kinyaa hicho ndicho kinakuvalisha viatu."

Lakini kulikuwa na utaratibu. Pipa likifunguliwa hakuna aliyegusa kabla yako. Ulichota kata ya kwanza, ukasimama mbele yao, ukanywa, ukameza waone. Ndipo ukampa aliyekuwa mkubwa kuliko wote, mara nyingi Mzee Lushinge, yule mfugaji wa Mlandizi aliyependa kukaa mlangoni ili aione baiskeli yake. Mwalimu Chalo, aliyetufundisha hesabu asubuhi na kunywa kwako jioni, hakuchoka kukutania: "Mama Flora, siku usipoonja mimi nahamia kanisani." Ulionja hata wiki ile baba amefariki, macho yamevimba. Uliniambia kwetu Kibosho mwenye pombe asiyeonja ya kwake wanamhesabu mchawi.

Sasa nikueleze mwanao Prosper alichokifanya tangu umwachie kilabu. Ameweka vigae, taa za rangi na spika kubwa kama makabati. Sio hilo linalonichefua, vijana wanataka mziki, sawa. Kinachonichefua kiko nyuma, kwenye banda ulikokuwa unachujia. Nilikwenda kuchukua sufuria lako kwa ajili ya kipaimara cha mjukuu wako, nikamkuta Prosper amevua shati, anakoroga pipa kwa mpini wa fagio. Pipa lenyewe lilikuwa la rangi ya nyumba, pembeni bado lina utando mweupe. Ndizi hakuna. Maji, sukari, hamira, halafu akamiminia spiriti kutoka kwenye dumu, harufu yake inachoma pua. Mwisho akarushia ulezi kiganja kimoja juu yake, uelee, watu wauone. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema, "Dada, siku hizi nani ana wiki nzima ya kusubiri ndizi?" Na uchafu ule anauita mbege. Mbege ya Mama Flora. Nilimgombeza mpaka sauti ikakauka, akaniambia nirudi Mkuza kwenye cherehani yangu.

Haikupita muda mke wa Mwalimu Chalo akaja kwangu. Nilimkaribisha kiti, hakukaa. Mwalimu alikuwa ametapika kutwa nzima, sasa anapapasa ukuta, haoni. Akaniambia, "Mama yako alikuwa ananirudishia mume amelewa. Huyu mdogo wako amenirudishia kipofu." Tulimpeleka hospitali pamoja. Jicho moja limerudi kidogo, la pili ndiyo basi tena.

Nikamwendea mwenyekiti wa mtaa nishitaki. Unajua nilimkuta wapi? Kwa Prosper, kwenye kiti kizuri, anakunywa bia ya kupewa. Akaniambia mambo ya familia tuyamalize kifamilia.

Basi Jumapili, misa ilipokwisha, nikaenda palepale na nguo zangu za kanisani. Kilabu kimejaa. Nikachota kwenye pipa kwa kikombe cha plastiki, maana kata zako alishazitupa, nikampelekea Prosper alipokaa. Nikasema kwa sauti wote wasikie: onja. Akatabasamu. "Dada, mimi na mbege wapi na wapi." Nikamwambia mama alikuwa anaonja, na wewe onja. Akakisukuma kikombe, mama, kwa ncha ya kidole, kama mtu anayeondoa kinyesi cha kuku mezani.

Mzee Lushinge, ambaye siku hizi anatembea kwa fimbo, akamwaga cha kwake chini akatoka bila kuaga. Nikadhani wengine watamfuata. Wakaendelea kunywa. Wamemwona kwa macho yao mwenye pombe anaikataa pombe yake, na bado wakanyanyua vikombe. Mmoja akaniambia nisogee, nimemziba asione mpira kwenye televisheni. Nilitaka kutapika palepale, na sikuwa nimeonja kitu.

Nikaburuta meza mpaka nje, nikapanda, nikaanza kukichokonoa kibao. Prosper akatoka anafoka kwamba hapo ni kwake. Nikamjibu kilabu ni chako, jina ni la mama, na Flora mwenyewe ni mimi. Akasema nikikishusha, Desemba nisikanyage Kibosho, kihamba ni chake. Kihamba, shamba letu la ukoo, ulikolazwa wewe. Nilisimama juu ya ile meza watu wananitazama, nikawaza kaburi lako. Halafu nikang'oa misumari iliyobaki.

Nimetolewa kwenye grupu la ukoo. Shangazi hapokei simu zangu. Prosper ameandika jina jingine ukutani kwa rangi nyekundu, na watu wanajaa vilevile, kwa hiyo usidhani nimemwokoa mtu. Nimekwenda kuandikisha malalamiko polisi pamoja na mke wa Mwalimu. Tunaambiwa njoo kesho, na tunakwenda. Tutaendelea kwenda.

Desemba watakuja na magari yao na mashada, na Prosper ndiye atakayeongoza sala kaburini kwako, kwa sauti ile yake nzito. Uvumilie. Mimi nitapanda basi Januari, wakishaondoka wote. Nitapita kwa jirani, nikatize migombani, nikae na wewe mchana kutwa. Nakuahidi nitakuja, hata wakiweka mbwa. Ila radhi kwa ajili ya kibao sitakuomba.

Pumzika, mama. Hakuna tena anayepofuka kwa jina lako.

Mwanao,
Flora