Majabali Yaliyofungwa

Kiuyu, 28 Julai 2025

Kwa mdogo wangu Ridha,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima wewe na mkeo na watoto. Sisi huku hatujambo. Goti la mama limepungua maumivu tangu aanze kukandwa, na anakusalimia sana.

Mambo haya sikutaka kukupigia, maana simu yangu huazimwa na nyumba nzima. Unajua kuwa mie, Bi Masika na Mwalimu Linus tumejitolea kuuangalia ule ufuo wa majabali ambao kijiji kimeufunga ili pweza wazaane. Kila bamvua, bahari ikishatoka mbali kuliko siku nyengine, tunapita jabali kwa jabali tukitazama pweza, kaa, kasa na hali ya maji. Walikuwa wameanza kurudi, Ridha. Safari iliyopita Bi Masika alimwona pweza jike kakalia mayai yake, akatukataza hata kukohoa.

Juzi tumekuta vidimbwi vimekufa. Mikunga, wale samaki kama nyoka, imeelea tumbo juu, kaa wamekauka pale walipokuwa, na mawe ni meupe kama yaliyopakwa chokaa. Harufu ilikuwa ya ile dawa ya kung'arishia nguo. Mtu huimimina kwenye tundu, pweza akatoka mwenyewe kalewa. Kila kilichobaki tunduni hufa.

Kinachonitia wasiwasi ni kuwa hao watu wanazijua siku zetu. Hatujawakuta hata mara moja. Na wamekuja kwa maji, kwani njia ya juu inapita mlangoni kwetu. Wewe unanunua pweza hapo bandarini. Niangalizie nani anashusha pweza wengi siku hizi. Sisi tutapita tena Jumapili ya tarehe kumi, inshallah.

Dada yako,
Mwatum


Mkoani, 4 Agosti 2025

Kwa dada yangu Mwatum,

Waalaykum salaam. Barua imenikuta salama, na nyumba yangu yote ni nzima, alhamdulillah. Mpe mama salamu na mafuta ya goti niliyompa dereva.

Nimeangalia hapa bandarini, sijaona cha kutilia shaka. Najua huko watu watawasema Wakojani, wale wavuvi wa kisiwani, kwa sababu wana maboti, lakini mie nakwambia mtazameni mwenzenu. Linus ni mtu wa bara, kaja juzi tu, na siku zenu anazijua zote. Muulize zile chupa ndogo za vifuniko vya buluu anazozitumbukiza vidimbwini zina nini ndani. Mtu anayefundisha sayansi hakosi dawa.

Nishampigia sheha nikamweleza. Usikasirike, nimefanya hivyo kwa ajili yako, usije ukaingizwa katika kesi isiyokuhusu.

Mdogo wako,
Ridha


Kiuyu, 14 Agosti 2025

Ridha,

Assalaam alaykum. Sisi wazima. Mafuta yamefika.

Maneno yako kwa sheha yameenea kabla ya sheha mwenyewe kuyachunguza. Linus kaulizwa habari za chupa mbele ya watu. Kaeleza kuwa alikuwa akiteka maji ya kupima chumvi, lakini nani wa kumsikiliza? Wazee wengine wanasema watoto wao hawatosoma kwake. Mkewe, Skolastika, alikwenda kisimani akaambiwa asubiri, na akasubiri mpaka wote wakaondoka. Mie nilikuwepo. Nilimtekea ndoo yake, tukarudi pamoja.

Jumapili tulipita mie na Bi Masika tu, na bamvua ijayo hatupiti. Bi Masika ana harusi Wete na Linus hatoki ndani. Majabali yatakaa bila mtu.

Dada yako,
Mwatum


Kiuyu, 27 Agosti 2025

Ridha,

Assalaam alaykum. Hukujibu, na leo sitokuuliza hali kabla sijasema lililo moyoni.

Zile chupa Linus aliletewa asubuhi ya siku ile tuliyokuta vidimbwi vimekufa. Alizitoa mkobani tukiwa tushafika majabalini, na hazijatumika tena tangu hapo. Barua yangu haikuzitaja. Bi Masika na Linus nawauliza, wanaapa hawakumwambia mtu. Basi aliyekupa habari ya vifuniko vya buluu alikuwa nyuma ya jabali la mwisho, akitutazama.

Nilisoma ile barua yako mpaka karatasi ikalegea. Nikajiambia labda umesikia kwa watu, kumbe watu wamesikia kwako. Ndipo nikakuandikia kuwa hatupiti. Harusi haikuwepo. Na habari hiyo sikumpa mtu mwengine yeyote.

Juzi mie na Bi Masika tulikaa vichakani juu ya ufuo. Maji yalipotoka, boti ikaja na watu wawili. Mmoja alibeba madumu. Alikuwa Msellem, uliyemleta kwetu siku ya Idi akala chakula cha mama. Bi Masika akashuka, akamwita kwa jina na kumsalimia kama kakutana naye njiani. Msellem kaliacha dumu likaanguka. Akasema, "Lakini Ridha katwambia leo hamji."

Sheha kaitisha mkutano Ijumaa ya tarehe tano. Nakuuliza wewe kwanza: una la kusema?

Dada yako,
Mwatum


Mkoani, 2 Septemba 2025

Dada,

Salaam. Hapa hatuko vizuri.

Semeni mmemwona Msellem, basi. Yeye kakubali kulibeba kosa peke yake. Linus ni mfanyakazi wa serikali, atahamishiwa skuli nyengine na maisha yake yataendelea. Mie nikitajwa sina pa kuuweka uso wangu. Na mfikirie mama, atalistahamili hili?

Nakuomba kama mdogo wako wa tumbo moja.

Ridha


Kiuyu, 9 Septemba 2025

Kwa mdogo wangu Ridha,

Assalaam alaykum. Naomba Mungu akupe afya wewe na walio nyumbani mwako.

Barua yako nilimsomea mama kabla ya mkutano, kwa vile ulimtaja yeye. Akaomba buibui lake akasema twende sote. Njiani goti lilimuuma, akakataa kushikwa.

Nilikuwa nimejipanga kusema mie. Sheha alipouliza nani alimtuma Msellem, mama akasimama akasema, "Ni mwanangu Ridha." Akakaa.

Tulipotoka hapo tukaenda kwa Linus. Skolastika alifungua mlango nusu. Vyombo vyao vimefungwa, wameomba uhamisho. Mama kamwomba radhi kwa jina lako. Skolastika akamjibu kwa adabu kwamba amesikia, lakini radhi hiyo aje aombe mwenye kosa. Hakutukaribisha ndani, na sikumlaumu.

Njoo, Ridha. Njoo mchana, watu wakuone. Mlango wetu uko wazi, ila mama kasema usiingie kwake kabla hujabisha hodi kwa Mwalimu. Wanaondoka mwisho wa mwezi.

Dada yako,
Mwatum