Ndege Wako wa Mpumudde

Wanale, Mbale
20 Julai 1983

Shemeji Isabirye,

Huku mvua haikatiki na maharage yanaozea shambani. Nimepata cherehani nyingine, ninashona.

Barua yako imefika. Miaka minne kimya, halafu unaniuliza jina la ndege. Hata mguu wangu hukuuliza kama ulipona.

Unasema umekaa asubuhi tatu hapo Mpumudde ukiwatazama wale ndege wadogo wa kijivu wanaodaka nzi, kwa darubini yangu niliyoiacha mezani. Umetazama mkia, umetafuta michirizi kichwani, na bado unaogopa kuandika jina kwenye daftari, usije ukamsingizia ndege.

Mwaka 1979, serikali ilipopinduliwa na askari wapya wakaja kututafuta sisi Wanubi wakidai sote tulikuwa jeshi lake, ulikuwa umesimama mlangoni pangu umevaa suruali niliyokushonea mimi. Walikuuliza kama mimi ni fundi au mwanajeshi. Ukajibu, "Afande, hawa wote wanafanana, mimi siwezi kuwatofautisha." Wakanivunja mguu wakinipakia kwenye lori. Nilikaa ndani miaka miwili. Dada yangu Khadija, mke wako, ukamwambia nimekimbilia Sudan.

Sasa nisikilize. Mwenye michirizi kichwani ni mgeni, huja Oktoba na huondoka kabla ya Juni. Huyo wako hana michirizi, na Julai hii bado yupo. Ni mwenyeji, amezaliwa hapo hapo Mpumudde kama mimi. Mwandike bila wasiwasi.

Khadija msomee barua hii yote.

Ni mimi shemeji yako,
Adrisi, fundi cherehani