Lenzi ya Jicho la Kushoto

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeona pua ya shoga yangu Tingatinga! Miezi yote hii tunapigana mazoezini sikujua kwamba ina kovu. Kwangu alikuwa wingu lenye glavu, nikisikia linahema karibu ndiyo najua ngumi inakuja. Sasa nina lenzi, zile za kuvaa ndani ya jicho. Nikacheka. Akanitandika. Akasema mama mzima unachekelea pua za watu ulingoni.

Mama wa miwani alinifundisha mwenyewe kuzivaa, pale dukani kwake. Mkali kama mama mkwe. Alisema macho mabovu kiasi hiki, kitambaa cha nyuma ya jicho huwa chembamba, hakipendi ngumi. Nikiona mwanga wa ghafla, au vidoti, au kivuli, niende saa hiyo hiyo, hata kama dukani amefunga nikamgongee nyumbani. Nikawa ndiyo mama, ndiyo mama. Kumbe najitazama kwenye kioo chake. Uso wangu bila miwani! Si mbaya hata kidogo.

Nyumbani Kijino amenikataa. Mwanangu wa kumzaa! Anaijua ile miwani minene, hanijui mimi. Kakimbilia kwa baba yake analia. Nilipotoa lenzi na kuvaa miwani akaja, akaning'oa miwani kama kawaida yake. Raha.

Jumatano, 6 Machi

Lenzi imedondoka. Kocha ameshaweka utaratibu: akipiga kelele "Lenzi!" hakuna mguu kuinuka. Ukumbi wote unaganda, hata anayeruka kamba. Halafu wote chini, magoti na mikono, mibaba mizima inatambaa kama Kijino kabla hajajua kutembea. Tingatinga akaikuta imenata begani kwake. Akasema afadhali, bega langu nalo lianze kuona.

Kocha amesema tarehe 16, Jumamosi ya wiki ijayo, wanachagua. Ni mimi au yule msichana wa ukumbi wa pili. Tutapigana, atakayeshinda anaajiriwa pale pale kufundisha wasichana. Mwalimu! Mimi niliyeacha shule kabla sijajua kugawanya. Leo kazini, napiga pasi mashuka ya hoteli, nikawa najiita kimoyomoyo — shikamoo mwalimu, marahaba — mpaka nikaunguza foronya.

Jumamosi, 9 Machi

Tingatinga, mkono wa kulia, jicho langu la kushoto. Kumbe nyota watu wanaziona kweli.

"Lenzi!" Wote tukaganda. Tumetafuta sakafuni, kwenye kamba, kwenye glavu, kwenye nywele zangu, ndani ya fulana. Haipo! Kocha akanivuta kope, akamulika kwa tochi ya simu. Akasema imezama, imeingia nyuma ya jicho. Tingatinga akaapa ilimtokea binamu yake, ikaja kutoka puani siku anapiga chafya. Kocha akasema nikienda kwa mama wa miwani sasa hivi atanikataza ulingo, basi Jumamosi niisahau. Nisubiri, itatoka yenyewe.

Tingatinga kanisindikiza hadi mlangoni. Kila hatua samahani, samahani shoga yangu. Nikamwambia ngumi ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kweli.

Usiku huu naona vidoti vyeusi. Kama masizi yanaelea. Hakuna maumivu. Itakuwa ndiyo hiyo lenzi inazunguka.

Jumapili, 10 Machi

Nimelala ubavu wa kushoto ili iteremke. Asubuhi nimekata vitunguu vyote vya ndani, nilie, itoke na machozi. Baba Kijino akauliza kwani tunapokea wageni?

Haijatoka.

Nikiwa gizani, nikigeuza jicho, pembeni panawaka — cha! — kama cheche za kazini kwake, kule anakochomea vyuma. Nikamwambia hivyo hivyo. Akaacha kula. Akasema yeye anavaa barakoa mchana kutwa kuyalinda macho, mke wake anayapeleka yakapigwe. Twende kwa yule mama. Nikasema baada ya Jumamosi. Akasema macho hayana baada. Nikamjibu vibaya.

Tumenuniana. Kijino anapeleka maneno huku na huku na hajui hata kuongea.

Jumanne, 12 Machi

Mazoezi na lenzi moja, ya kulia. Kocha hataki niweke nyingine juu ya ile iliyozama, anasema zitakwaruzana. Ngumi za kushoto zinaingia kama wageni wasiopiga hodi. Tingatinga anapunguza nguvu, nimemjua. Nikamgombeza. Yule wa Jumamosi hatapunguza.

Lakini mikono yangu mepesi! Kocha mwenyewe kasema. Akaniita mwalimu mbele ya watu.

Alhamisi, 14 Machi

Kuna kivuli. Jicho lile lile, chini, upande wa pua. Kama pindo la pazia.

Nimefuta miwani kwa khanga. Nikaiosha kwa sabuni. Kipo. Nikavua miwani kabisa. Kipo.

Nimekumbuka maneno ya mama wa miwani, sijasahau. Ila yeye hakuhesabu habari ya lenzi kuzama. Hii ni lenzi, imejikunja imekaa pale. Ingekuwa kitu kibaya si kingeuma?

Haiumi hata kidogo.

Ijumaa, 15 Machi

Kimepanda.

Sijamwambia mtu. Baba Kijino kanipikia, kaniletea kitandani, akasema haya basi mwalimu, kesho nakuja kushangilia.

Kofia yangu ya ndondi nimeifuta kwa nje, nimeianika dirishani. Mungu, kesho tu. Kesho moja.

Jumamosi, 16 Machi

Baba Kijino katangulia kwenda kufunga karakana. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani nafunga kamba za viatu. Kijino kaja ameivaa kofia yangu ya ndondi, imemfika mabegani, anajigonga ukutani na kucheka. Nikamvua. Ndani, kwenye mshono wa shavu, kitu kimenata. Kama ganda la kitunguu saumu.

Nilivua miwani nikakileta karibu kabisa na uso. Cha karibu nakiona vizuri kuliko mtu yeyote. Kimekauka, kimejikunja. Mviringo wake mzima, haujapasuka popote.

Lenzi.

Ilikuwa huku. Wiki nzima ilikuwa huku.

Sasa ndani ya jicho kuna nini?

Tingatinga yuko nje anaita, Mama Kijino, twende bwana, Kocha ameshapiga simu mara mbili! Nimemwambia nakuja. Naandika kwa sababu sijui jingine la kufanya. Ukumbini ni kulia ukitoka kwetu. Kwa mama wa miwani ni kushoto. Nimerudisha miwani usoni. Glavu ziko mlangoni, sijazigusa.

Nimeziba jicho la kulia kwa kiganja. Kijino kaja kusimama mbele yangu, anaona ni mchezo. Paji la uso naliona. Macho nayaona. Chini ya hapo hakuna kitu.

Anacheka. Nasikia tu.

Tingatinga anagonga tena