Wimbo Usio na Sauti

Dada, uko peke yako? Soma ufute. Nakuamini wewe tu.

Meneja kaniita ofisini, kafunga mlango mwenyewe. Kaniuliza kama bado tunasali kwa shangazi. Nikamwambia shangazi anaumwa miguu, huwa naenda kumkanda.

Akacheka. "Na ule wimbo mnaouimba kwa midomo tu, bila sauti, ndio dawa ya miguu?"

Bila sauti, dada. Kasema hivyo hivyo.

Jirani angesikia nini ukutani? Tunaimba kimya ili asisikie, na pazia shangazi hulibana kwa pini. Aliyeujua wimbo ule alikuwa ndani, anatutazama midomo.

Kikulacho ki nguoni mwako. Na sisi tuko wanne tu. Shangazi, mwanawe yuko jela kwa ajili ya imani hii. Fundi viatu wamemchukua asubuhi. Mimi kazi sina tena kuanzia leo.

Ngoja kwanza.

Wewe juzi si umepandishwa cheo? Na meneja huyu huyu?

Tiki za bluu nimeziona. Naona unaandika, unafuta.

Jumapili njoo tu, hata kama ni wewe. Kiti chako hatukiondoi.