Mistari Katika Shamba la Mama

Jumatatu, 3 Machi

Mgongo umekataa. Siku nzima nimeinama juu ya mabeseni. Mashine ya kumwaga mbolea leo imezunguka bila kutapika bolti – mara ya kwanza – na kaka anataka nifurahi. Nitafurahi nikishalala.

Niandike ilivyo sasa, maana kesho itakuwa imebadilika tena. Juu pipa la mbolea. Chini yake sahani ya chuma inayozunguka. Juu ya sahani kuna mapezi, nayo ndiyo yanayorusha punje kulia na kushoto. Trekta ya baba mdogo inavuta. Kila kiungo nimechomelea mimi. Kaka ametoa amri. Si bure tangu utotoni tunamwita Meneja.

Jaribio lenyewe: tumepanga mabeseni ya plastiki, yale ya kufulia, mstari mmoja kukatiza uwanja nyuma ya karakana. Trekta ikapita katikati ya mstari, mashine ikimwaga. Kisha tukapima kila beseni limeokota kiasi gani. Ya mbali yamepata vizuri. Ya karibu na mashine, kiduchu. Kaka akasema sahani inarusha mbali mno, katikati panabaki na njaa. Nikasema labda. Sikuwa na nguvu ya kusema zaidi ya labda.

Jumatano, 5 Machi

Tumepinda mapezi. Yaani nimepinda mimi, kaka ameshika koleo na kusema "kidogo tena, kidogo tena" mpaka nikatamani kumpinda yeye. Tukasogeza na tundu la pipa ili mbolea nyingi idondoke katikati. Tukapanga mabeseni upya. Sasa yote sawasawa, toka upande huu mpaka upande ule. Kaka kacheza uwanjani peke yake, bila ngoma.

Mama alipita na chai. Akaizunguka mashine kama mtu anayekagua mchumba wa mwanawe. Akauliza, hii ndiyo itakayonipumzisha? Kaka akamwambia hii hii.

Bega la mama la kulia limekwisha. Miaka yote amemwaga mbolea kwa mkono, bakuli kiunoni, anatupa huku anatembea. Siku hizi hata blauzi anavaa kwa kuanza na mkono wa kushoto. Halalamiki. Hilo ndilo linaloniumiza.

Jumamosi, 8 Machi

Leo tumemwaga shambani kwa mama. Alikuwa ameahidi nusu tu, ile ya kando ya barabara, nusu nyingine aimalize kwa bakuli lake. Kaka akamvuta pembeni. Sijui alimwambia nini, lakini mama alirudi akasema haya, lote.

Akanigeukia mimi, si kaka. "Mmeipima vizuri?"

"Tumeipima, mama. Mara nyingi."

Na kweli tumeipima.

Mbolea iliruka vizuri mno. Nusura nilie, kwa uchovu au kwa kitu kingine, sijui. Jirani alisimama barabarani kutazama. Mama akatia chumvi, ati mwanawe wa kike ndiye aliyeiunda mashine yote, huyu wa kiume alikuwa anashika taa tu. Kaka kanuna mpaka tumefika nyumbani.

Jumapili, 9 Machi

Nimelala. Hakuna la kuandika.

Ijumaa, 14 Machi

Mama amemaliza kupanda. Mvua imeanza kama iliyopewa miadi. Kaka anachora mashine ya pili, kubwa zaidi. Nimemwambia aninunulie kwanza miwani mpya ya kuchomelea, hii naona moto tu, chuma chenyewe sikioni. Kasema tutaona. Mimi ndiye nisiyeona.

Alhamisi, 20 Machi

Mahindi yameota. Si kila mahali. Mama anasema ndege wamefukua. Kaka anasema panya. Nami nikawaachia wachague, ndege au panya, nikaenda zangu kulala. Nilitaka kuamini.

Jumatatu, 24 Machi

Si ndege. Si panya.

Ukisimama barabarani unaona mistari. Shamba zima limechanwa mistari. Pale ilipopita trekta, upana kama wa chumba, hakuna kitu, au kuna vijiti vilivyoungua ncha, rangi ya kahawia. Ukisogea kando kidogo kuna mahindi mazuri, ukanda mwembamba tu. Ukisogea tena, njano, hafifu, yenye njaa. Kisha inaanza upya. Mpaka mwisho wa shamba.

Mama alisimama barabarani. Akapita mtu na baiskeli, akauliza mbona shamba liko hivi mwaka huu. Mama akamjibu, bila hata kukohoa, kwamba anajaribu mbegu za aina mbalimbali. Yule mtu akasema hongera, akaenda zake.

Halafu mama akaketi. Chini, kwenye udongo mbichi. Sijawahi kumwona ameketi chini shambani mchana. Hata siku alizokuwa na mimba zetu, ndivyo tulivyoambiwa, hakuketi. Nilimshika mkono nimwinue, nikakosea nikashika ule wa bega bovu. Akaguna tu. Aibu imenijaa mpaka sasa naandika imo.

Jumanne, 25 Machi

Kaka amepata jibu. Mbolea ni mbovu. Akachukua kilichobaki kwenye gunia, akakisugua kiganjani, akakinusa, akakunja uso kama daktari. Mashine tumeipima, kasema. Mabeseni yalikuwa sawa. Kama mashine ni sawa, na mama ni sawa, anabaki nani? Muuza mbolea.

Ilikuwa hesabu safi. Nilikuwa na gari la mtu la kuchomelea bomba la moshi, nikasema labda. Hilo neno langu.

Mama hakusema labda. Mama aliinuka kitini.

Ijumaa, 28 Machi

Nimekwenda naye dukani. Sikutaka, lakini ungemwachaje? Amevaa viatu vya kutokea, ameshika kifurushi cha majani yaliyoungua.

Dukani palikuwa na watu. Muuza mbolea ni mtu wa sauti ya chini, huwa hata bei anaitaja kama anakuomba radhi. Mama akamwaga majani juu ya kaunta. Akasema kila kitu. Hakupiga kelele – afadhali angepiga. Alisema, "Mwanangu, mimi nimenunua kwako tangu baba yako akiwa nyuma ya kaunta hiyo. Kama uliona mbolea imeharibika ungeniambia tu, mama hii hapana, ngoja nyingine."

Uso wa yule muuzaji ulimshuka. Nilingoja akatae. Ningekuwa mimi ningekuja juu. Yeye akakumbuka paa la ghala lake linavuja upande mmoja. Akasema huenda magunia yalilowa, hakuangalia vizuri. Akasema, "Nitalifuatilia, mama. Nisamehe kwanza."

Tulipotoka, mtu mmoja aliyekuwa amebeba gunia begani alilirudisha ndani.

Jumapili, 30 Machi

Niandike taratibu.

Mvua ilinikuta karakana nimekuja kuchukua spana. Nikaketi mlangoni nikingoja ipungue. Mabeseni yako nje tangu lile jaribio, hakuna aliyeyaingiza, tunayamwaga maji tu. Nikawa nayatazama, mtu akichoka hutazama chochote. Matone yanapiga kitako cha beseni, yanaruka, mengine yanadondokea nje kabisa. Nikatazama hivyo muda mrefu bila kuwaza kitu.

Halafu nikawaza.

Mvua ilipokata nikachukua konzi ya mbolea, nikalifuta beseni, nikasimama karibu nikairusha kwa nguvu, chini chini, kama sahani inavyorusha. Punje ziligonga plastiki zikaruka nje kama panzi. Zilizobaki ndani kiduchu. Nikasimama mbali, nikairusha juu ili ianguke yenyewe. Zikatulia ndani karibu zote.

Basi ni hivyo. Karibu na mashine punje zina kasi, ziliingia kwenye mabeseni zikatoka. Katikati hapakuwa na njaa hata siku ile ya kwanza. Mashine ilikuwa inamwaga sawa. Tukaona pungufu ambalo halikuwepo, tukapinda mapezi kuliziba. Tukamrundikia mama mbolea katikati, tukamnyima pembeni. Shamba zima.

Nimetandika gunia ndani ya beseni, nimerudia. Hazikuruka. Nimerudia tena, na tena, nikiomba nikosee. Sikukosea. Ningekuwa na akili yangu ya asubuhi siku ile, si mgongo tu, ningezitilia maanani punje zile chini. Zilikuwa chini. Niliziona, nikazifagia.

Jumatatu, 31 Machi

Nimemwonyesha kaka. Nikarusha konzi ya mbolea mbele ya macho yake. Alitazama punje zinavyoruka, akakaa kwenye tairi bovu, akashika tama. Kwa mara ya kwanza maishani Meneja hakuwa na amri.

Lakini haikuchukua muda.

"Tunarudisha mapezi yalivyokuwa," akasema. "Kazi ya asubuhi moja. Mashine inakuwa nzuri. Imekwisha."

"Na mama?"

"Mama ana nini?"

"Anaamini ni muuza mbolea. Mji mzima unaamini."

Akafuta mikono kwenye suruali. Akasema, "Dada, mama akijua ni mashine, harudi kwenye mashine. Anarudi kwenye bakuli. Bega lile likimalizika utamvisha wewe?"

Namjua kaka anapojitetea na namjua anapoumia. Leo yalikuwa yote mawili.

Nikamwambia jingine: mama anataka kupanda upya, mvua bado ipo. Akimwaga mbolea nyingine juu ya ile mistari ambayo tayari imezidi, mbegu zitaungua tena. Msimu utakuwa umekwisha. Kaka akasema mvua itaosha. Nikamuuliza anajuaje. Akasema labda.

Kumbe neno hilo linaudhi hivi.

Jumanne, 1 Aprili

Nimerudisha mapezi. Nimejaribu na magunia ndani ya mabeseni – sawa kabisa, kama siku ya kwanza. Sikuona raha yoyote. Nilipanga kumwambia mama jioni. Alikuwa amelala mapema, mkono umewekwa juu ya mto kama wa mtoto. Nikarudisha mlango polepole.

Jumatano, 2 Aprili

Niko jikoni. Maji yako motoni.

Muuza mbolea amekuja. Amekuja na mkokoteni wa magunia mapya, na mbegu juu yake, zote za mama, hataki chochote. Ameyashusha mwenyewe. Kaka alimsaidia. Nilimwona kaka anapokea gunia upande wa pili, wametazamana, kaka akasema asante.

Sasa wako sebuleni. Ukuta huu ni mwembamba, nasikia kila neno. Amesema ametoa magunia yote yaliyobaki ghalani. Amewapitia wateja wake nyumba kwa nyumba kuwaambia wasitumie. Wengine walikuwa wameshalima, wanangoja. Amesema hajalala vizuri tangu siku ile, na kwamba marehemu baba yake asingefanya uzembe kama ule.

Mama anambembeleza. "Yamekwisha, mwanangu. Binadamu ni kukosea. Ungekuwa mwingine ungenikana mbele ya watu." Amemwambia kesho asubuhi anaanza upya, mbolea kila mahali, mbegu juu yake, wanawe watamsaidia. Amesema amewalea watoto wanaojua kazi.

Kesho asubuhi.

Nimeweka vikombe kwenye sinia. Nimeamua hivi: naingia, naweka sinia mezani, nasema kabla mgeni hajanywa. Kabla. Akishakunywa chai yetu huku anatuomba radhi, mimi sitaweza tena, najijua. Nitaanza na mabeseni. Hapana, ya mabeseni ni marefu. Nitasema tu, mama, si mbolea. Halafu yale mengine yatafuata yenyewe. Mikono mizito. Sijui kama ni woga au ni uchovu ule ule, siku hizi sivitenganishi.

Mama ameita. "Wewe, chai hiyo unailima?"

Nimesema nakuja. Nimemimina.

Kaka ameingia. Ametazama vikombe, ametazama daftari, amenitazama mimi. Amenishika bega taratibu, ati niketi, nimechoka, anaona nilivyochoka. Na amechukua sinia.

Sikulishikilia.

Nasikia vikombe vinawekwa mezani. Nasikia mama anamwambia mgeni akaribie, na mgeni anasema asante, mama, ahsanteni sana. Kiti kimevutwa.

Chai bado ni ya moto. Namsikia mgeni anapuliza, hajanywa.