Hedifoni Uliyoichagua Wodini

Dada Mwanaidi,

Nimerudi dukani. Bosi Bhavna alinishika mikono yote miwili akasema, "Pole, Rajabu. Ukichoka, nenda nyumbani." Nyumbani wapi, dada? Chumbani kwetu khanga zako bado ziko kwenye kamba. Nimezinusa zote. Ulizifua mwenyewe kabla ya kulazwa, zinanukia sabuni tu.

Wateja wanakuja kama kawaida. Wanasimama mbele ya kabati la kioo, lile la hedifoni za bei mbaya, wananiuliza, "Kaka, ipi kali?" Zamani ningewachambulia: hii besi nzito, hii sauti safi ila inabana. Sasa nafungua mdomo nakuona wewe kitandani.

Unakumbuka ulivyoshindwa kuvumilia kelele za wodi? Dawa zilikumaliza nywele, zikakuachia kichwa kinachouma hata kikiguswa na mto. Nikamwomba bosi aniazime zile za kujaribishia wateja. Ya kwanza kukuletea ni ile ambayo kila mtu anaitaka, inayozima kelele zote. Nikakuvalisha polepole. Ukanibana mkono. "Itoe, Raju. Nasikia moyo wangu peke yake. Kama nimeshafukiwa."

Ya pili ilikuwa ya ngozi, sauti yake nene, imejaa kama ya ukumbini. Ulisikiliza taarabu kidogo, ukasema sauti tamu lakini inakukandamiza nyuma ya sikio, na jasho linakuwasha. Alama yake ilibaki kichwani mwako hadi jioni.

Ndipo nikaleta ile nyepesi, ya sponji za kitambaa, iliyo wazi nyuma. Besi yake ndogo. Wateja wetu wakiivaa wanakunja uso. Wewe ulifumba macho wimbo mzima, halafu ukasema, "Kumbe mpiga fidla anavuta pumzi kabla hajaanza. Sikuwahi kumsikia." Nikakuonya kwamba hiyo inavujisha sauti, jirani atasikia. Bi Siwema wa kitanda cha pili akadakia, "Iache ivuje, mwanangu, na mimi nipate." Mkacheka nyote wawili. Sikukusikia tena ukicheka baada ya hapo.

Tulipokuzika Lindi nilikuwa nawaza jambo moja tu: nikirudi Dar nitainusa ile hedifoni. Sponji zake zilishika mafuta ya habasoda niliyokuwa nakupaka. Nimerudi, haipo kabatini. Bosi ameiuza. Usimkasirikie, dada, hakujua. Alipoona uso wangu alilia. Akampigia mteja simu. Ni kijana mwenye studio karibu na Mnazi Mmoja. Nilikimbia, nikapangua watu na mikokoteni, nikafika natweta, hata salamu ikanishinda.

Alinipa bila kuuliza. Nikaiweka puani. Harufu ya kitu kipya cha dukani.

"Sponji nilibadilisha, kaka," akasema. "Zile za zamani nilitupa, zilikuwa na mafuta."

Nilikaa chini palepale mlangoni. Nilitaka kumpiga. Halafu nilitaka tu ardhi inimeze. Nikaivaa, nikamwomba aniwekee taarabu, yoyote. Fidla ilipoanza nikaivua, sikuweza. Yeye aliniletea maji ya kunywa. Nikamrudishia mali yake nikaondoka. Dada, nitakutafuta wapi sasa? Niambie. Sijabakiwa na pa kwenda.

Mwanao Nasra ananiuliza utatoka lini hospitali. Wakati wa msiba tulimwacha kwa jirani, na mpaka leo hakuna aliyemwambia. Kila mtu ananitazama mimi. Mama anataka aende akakae naye Lindi, anasema mwanaume peke yake hawezi kulea mtoto wa kike. Labda kweli. Asubuhi nimemsuka, mistari imepinda vibaya, akajitazama kwenye kioo, akachukua begi lake akaenda shule bila kulalamika.

Sina nguvu ya kuahidi mambo makubwa. Ila Nasra haondoki kwangu, hilo naliahidi. Na leo akitoka shule nitamkalisha chini nimwambie, mimi mwenyewe, asije akasikia kwa watoto wenzake. Sijui naanzaje. Naogopa sana.

Pumzika, dada yangu. Huko uliko kusikuume tena popote.

Mdogo wako,
Rajabu