Sumaku ya Kuokotea Pini

Mama yangu,

Shikamoo huko uliko. Nimekuja na habari njema na kosa moja. Najua ungetaka kosa kwanza, lakini leo utangoja.

Unaikumbuka ile sumaku uliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu? Ukimaliza kushona sare za shule unanipa: "Haya mwanangu, pini haipotei, hujificha tu." Naipitisha sakafuni, pini zairukia zenyewe. Wallahi mama, hadi leo kazi yangu ni hiyo hiyo! Ila pini zangu sasa hazionekani kwa macho. Ni chembe za chuma zilizobeba dawa ya saratani. Tunazidunga kwenye damu, tunaweka sumaku juu ya ngozi penye uvimbe, nazo hukusanyika hapo. Kisha mashine ya picha hutuonyesha zilikofika. Dawa isiuchome mwili mzima kama ilivyokuchoma wewe. Nywele zilipokutoka ulisema afadhali, joto la Likoni limepata dawa. Nilicheka nawe, halafu nikaenda kulia chooni.

Bado tunajaribu kwa panya. Ndiyo, panya! Wewe uliyeparamia meza ya cherehani kwa kumwona mmoja tu, mtaa mzima wa Shika Adabu ukaja mbio.

Mara mbili chembe zilikimbilia kwenye ini zikakaa huko. Nikaanza kukata tamaa. Mara ya tatu tukamchukua panya jike mmoja, mbishi, hapendi sindano hata kidogo. Mlangoni mwa mashine, nayo ni sumaku kubwa, nikaambiwa nivue vyuma vyote. Mtoto wa fundi mimi, nilikuwa na pini tatu kwenye mtandio! Picha ikatoka: weusi wa chembe umejaa pale pale kwenye uvimbe. Jana tukampiga picha tena, na uvimbe hauonekani. Nilipiga vigelegele, mkubwa wangu akadhani nimeungua.

Sasa kosa langu. Panya wetu huitwa kwa nambari, lakini huyu, kwa ule ubishi wake, nilimpa jina lako. Niwie radhi, usinifinye. Nilitaka japo mara moja nilione jina lako kati ya waliopona.

Kutoka kwa panya hadi kwa binadamu bado ni mwendo mrefu, lakini nakuahidi, sumaku siiweki chini. Mungu akulaze pema, mama. Somo yako, yule panya, anakusalimu. Leo amekula akashiba.

Mwanao